Mlio wa vikombe vya kahawa na hamu ya sigara: asetilikolini inaingia wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni karani wa zamu ya usiku bandarini Kilindini, umri wangu miaka 34, nakaa Likoni. Kwa miaka mingi nimetafuna muguka na kuvuta sigara. Muguka nimeuacha, huu mwezi wa tatu, lakini sigara imenishinda. Zamani nikitafuna, sigara zangu 5 zilikuwa zinakwenda hadi 15 bila kujijua. Ramadhani mchana kutwa sina habari nayo, ila ikikaribia Magharibi roho huwa juu juu. Na siku yoyote nikisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake pale tunaposhukia feri, mkono unajiendea mfukoni. Rafiki yangu anasema dopamini imeniishia, nifunge simu, sukari na muziki wiki moja ijae upya. Dada yangu ni muuguzi, yeye anasema nikotini haigusi dopamini hata kidogo, inagusa kitu kinaitwa asetilikolini. Nani mkweli? Na nikiacha sigara, kahawa nayo niiache?

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa miezi mitatu bila muguka. Wengi ninaowaona huishia wiki ya pili.

Dada yako yuko karibu na ukweli kuliko rafiki yako, ila sentensi yake kaikata katikati. Ni kweli nikotini haishiki kipokezi chochote cha dopamini. Inashika vipokezi vya asetilikolini, basi. Lakini vipokezi hivyo vimeota juu ya seli za dopamini zenyewe, mwilini mwake na mpaka kwenye ncha za nyuzi zake, kama chaza walivyoganda kwenye nguzo za gati. Huwezi kumgusa mmoja usimtikise mwenziwe. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi hunichorea mshale mmoja kutoka nikotini hadi dopamini, wakaweka kalamu chini. Nawapa alama 1 kati ya 5. Jambo lenyewe limo njiani, pale mshale unapopita.

Tumwanze huyu asetilikolini, maana yeye ndiye mkubwa kwa umri. Ndiye mjumbe wa kwanza wa neva, yaani kemikali inayobeba habari kutoka neva hadi jirani yake, kuthibitishwa. Mwaka 1921, mjini Graz, Austria, Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya vyura, bado inapiga, akaiweka kwenye maji ya chumvi. Akasisimua neva inayopunguza mapigo ya moyo wa kwanza, ukapunguza. Kisha akachota yale maji akautia moyo wa pili, ambao hakuigusa neva yake. Nao ukapunguza. Kumbe neva ilikuwa imemwaga kitu majini. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo hilo lilimjia usingizini. Usiku wa kwanza akaliandika kwenye kikaratasi, asubuhi akashindwa kuusoma mwandiko wake, usiku wa pili lilipomrudia hakungoja kuche, akaenda maabara saa 9 za usiku. Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale. Dale naye, tangu 1914, alikuwa ametofautisha koo mbili za milango, ndivyo vile vipokezi, ambayo asetilikolini huigonga: milango inayoitikia nikotini ya tumbaku, na milango inayoitikia muskarini, sumu ya uyoga fulani. Zikumbuke koo hizo mbili, nitazirudia nikifika kwenye tambuu ya bibi yako.

Wewe mwenyewe unaitumia asetilikolini sasa hivi, kusogeza kidole kwenye simu, kumeza mate, kusagisha chakula tumboni. Sifa yake kuu ni haraka. Inapiga hodi na kuondoka. Kuna kimeng'enya kinachoivunja papo hapo, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Ukitaka kuona kimeng'enya hicho kina kazi gani, mtazame mkulima aliyekunywa au kuvuta dawa kali ya wadudu: machozi, mate, jasho, misuli inachezacheza, pumzi inakata, kwa sababu dawa imekifunga na hodi hazikomi. Nikotini, kwa upande wake, hupiga hodi kisha ikaegemea mlango. Kimeng'enya kile hakiiwezi. Mpaka ifike kwenye ini ndiyo inavunjwa, na nusu yake tu huondoka damuni kwa kama saa 2. Ukiivuta kwa moshi inafika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, haraka kuliko hata sindano ya mkononi.

Sasa dopamini. Hii ilidharauliwa mpaka 1957, ikidhaniwa ni malighafi tu ya kutengenezea kemikali nyingine. Arvid Carlsson wa Sweden ndiye aliyeonyesha kuwa ni mjumbe anayejitegemea. Sungura zake zilizolegea chali kwa dawa ziliamka zilipopewa kile ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini. Seli zinazoitengeneza zimejikusanya katika ubongo wa kati, ni laki chache tu kati ya seli za neva bilioni 86 za ubongo mzima, lakini nyuzi zake zinatapakaa mbali, hasa kwenye fungu la ndani la ubongo linaloitwa striatamu. Huko ndiko tabia hujengwa, za kheri na za shari.

Watu husema dopamini ni kemikali ya raha. Sikubaliani na neno hilo, na si mimi peke yangu. Mtafiti Wolfram Schultz alisikiliza seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa matone ya sharubati. Mwanzo seli zilipayuka sharubati ilipofika. Baada ya nyani kujua kwamba taa ikiwaka sharubati inafuata, seli zikapayuka kwa taa, na sharubati yenyewe ikapita kimya. Taa ikiwaka na sharubati isije, seli zilinyamaza kabisa wakati ule ule ilipopaswa kufika. Kwa hiyo dopamini inahesabu: nilichotarajia na nilichopata vinalingana? Katika mambo yako, taa ni vile vikombe.

Lakini tafakari. Ukishuka feri upande wa kisiwani kuna honi za tuktuk, makanga wanaita abiria, mikokoteni, mtu anauza njugu, redio ya kinyozi. Ubongo unasikia zote. Kwa nini mlio wa vikombe viwili vya kauri katika kiganja cha mzee mwenye dele ndio unaokushika? Hapa dopamini peke yake haitoshi kueleza, na hapa ndipo dada yako anapostahili sifa.

Ndani ya striatamu kuna seli zinazotoa asetilikolini ambazo ni 1 au 2 tu katika kila 100. Ni chache, lakini ni kubwa, na matawi yake yamesambaa kama mizizi ya mkoko, hakuna kona isiyofika. Zinapiga zenyewe bila kuamriwa, mara kadhaa kila sekunde, mchana na usiku. Kikija kitu chenye maana, yaani kitu kilichokwisha kufungamana na malipo, hushtuka kidogo kwa pamoja, kisha zote zikanyamaza kwa chini ya nusu sekunde, kisha zikarudi kwa kishindo. Ni katika kimya kile ambapo dopamini humwagwa. Jambo la kupendeza ni kwamba seli hizi hazizaliwi zikijua kunyamaza. Zinajifunza. Mnyama asiyejua maana ya mlio, mlio haumnyamazishi. Akifunzwa, kimya kinatokea. Ukimnyima dopamini, kimya kinapotea. Wawili hawa wanafundishana.

Na si kufundishana tu. Mwaka 2012 maabara mbili zilifanya kazi na panya ambao seli zao za asetilikolini zilifanywa ziitikie mwanga. Mwanga ukiwaka, seli nyingi zikapiga kwa mpigo mmoja, na dopamini ikamwagika pale pale kwenye striatamu, bila amri yoyote kutoka ubongo wa kati. Asetilikolini iliigonga milango ya nikotini kwenye ncha za nyuzi za dopamini, na ncha zikaitikia zenyewe. Mwaka 2022 ikaonekana kwamba hodi hizo zinaweza hata kuwasha mkondo wa umeme katikati ya uzi, mbali na seli yenyewe. Sisi tuliosoma zamani tulifundishwa kwamba uzi wa neva ni kama waya, amri inatoka makao makuu ikafika mwisho. Kumbe huku mwisho kuna mtu ana ufunguo wake. Jambo hili katika mnyama aliye hai na anayetembea lina uzito kiasi gani, watafiti wenyewe bado wanabishana. Mwaka 2023 panya walionekana dopamini na asetilikolini zikipanda na kushuka kwa kupokezana, kama mara 2 kila sekunde, na hata pale moja haikuonekana kumwendesha mwenzake moja kwa moja. Ubishi huo mimi naufurahia, maana hadithi ya mshale mmoja imekufa.

Sasa iingize nikotini humo. Inafanya kazi sehemu mbili. Katika ubongo wa kati inaziamsha seli za dopamini, na pia inaziamsha seli za breki zilizo jirani. Milango ya seli za breki huchoka upesi na kuziba masikio. Milango iliyo kwenye seli zinazochochea haichoki hivyo. Dakika chache baadaye breki zimelegea na kichocheo kinaendelea, gari linateremka. Kwamba milango hiyo ndiyo kiini, kulithibitishwa mwaka 1998 kwa panya waliozaliwa bila kipande kimoja cha mlango kinachoitwa beta-2: nikotini haikuwavuta. Mwaka 2005, huko Paris, kipande hicho kikarudishwa katika kile kijisehemu cha ubongo wa kati tu, nao wakaanza kuitafuta.

Sehemu ya pili ni kule kwenye striatamu, na hii ndiyo inayokuhusu wewe na kahawa yako. Uzi wa dopamini una sauti mbili. Muda wote unanong'ona, na mara mojamoja unapayuka. Kwa kawaida asetilikolini huupa hata mnong'ono nguvu, ndiyo maana mnong'ono na mpayuko havipishani sana kwa dopamini inayotoka. Nikotini ikikaa pale mlangoni, milango inachoka, asetilikolini inapiga hodi haisikilizwi. Mnong'ono unafifia. Mpayuko unapita vile vile. Umewahi kuwa kwenye soko la Kongowea likanyamaza ghafla, mchuuzi mmoja akabaki ananadi peke yake? Ndivyo. Nikotini haikuongezei tu dopamini, inakuza tofauti kati ya kitu cha kawaida na kitu kinachoitia. Kahawa inakuwa kahawa zaidi. Maongezi ya barazani yananoga. Futari inakamilika. Na kila kilichonogeshwa hivyo kinabandikwa alama: hiki na sigara. Baada ya miaka 10, vikombe vimebandikwa, feri imebandikwa, mwisho wa zamu umebandikwa, hata hasira umeibandika. Ndiyo maana mtu akiondoa nikotini peke yake damuni anaona kazi bado iko nusu.

Tuje kwenye Ramadhani yako. Watafiti wa Marekani waliwapiga wavutaji picha za ubongo wakakuta kwamba mvuto 1 au 2 tu unatosha kushika kama nusu ya milango mikuu ya nikotini, kwa zaidi ya saa 3, na sigara nzima hushika zaidi ya asilimia 88. Maana yake mvutaji wa kila siku huishi milango yake ikiwa karibu yote imekaliwa. Sigara ya tano, ya nane, ya kumi, hazimpi raha, zinazuia milango isifunguke tu. Raha iko kwenye ile ya kwanza, baada ya usingizi. Ukifunga tangu alfajiri mpaka saa 12 na nusu ya jioni, milango imezinduka yote, na ndiyo ile sigara ya baada ya tende inayokuzungusha kichwa mpaka ushike ukuta. Usidanganyike ukadhani hiyo ni ladha. Ni milango mingi iliyokuwa na njaa, na mvutaji anayo mingi kuliko asiyevuta, kwa sababu ubongo huiongeza ukiona hodi hazijibiwi.

Lakini kama ni njaa ya milango tu, mbona adhuhuri huna habari? Kulikuwa na uchunguzi mzuri sana Israel, ukachapishwa 2010, wa wahudumu wa ndege wanaovuta sigara. Walipimwa hamu yao katika safari za saa 3 hadi 5 na nusu, na safari za saa 8 hadi 13. Ungetarajia safari ndefu imtese mtu zaidi. Haikuwa hivyo. Hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, iwe fupi au ndefu, na mwisho wa safari fupi hamu ilikuwa juu kuliko muda ule ule katikati ya safari ndefu. Hamu inafuata matarajio. Saa 7 mchana wa Ramadhani mlango umefungwa na wewe unajua, hakuna cha kukokotoa. Saa 12 jioni hesabu imeanza. Na feri ni ndege yako ndogo: humo ndani huvuti, hata hufikirii, mpaka lile lango la chuma lianze kuteremka.

Kuhusu sigara 5 kuwa 15, huo ni muguka, na hapa muguka na sigara wanagawana kazi. Kathinoni iliyomo ndani ya majani ni ndugu wa amfetamini. Yenyewe haipigi hodi kwenye milango ya asetilikolini. Inaingia kwenye zile pampu zinazorudisha dopamini ghalani, ikazigeuza, dopamini ikatoka badala ya kuingia. Nikotini inafungua mfereji, kathinoni inaligeuza tundu la kurudishia likawa la kumimina. Wavutaji wakipewa amfetamini huvuta zaidi, hilo limeonekana maabara tangu zamani, na wewe umeliona maskani bila maabara. Kathinoni huharibika haraka jani likikauka, ndiyo sababu gomba, yaani miraa, husafirishwa mbiombio limefungwa majani ya mgomba, na ndiyo sababu Mei 2024 serikali ya kaunti yetu ilipopiga marufuku muguka, kabla ya mahakama kusimamisha amri hiyo, kila siku moja ya lori kukwama njiani ilikuwa kesi. Wewe ulipoacha ulijikinga na nusu ya mtego bila kupanga. Sigara zako sasa zimerudi ngapi? Nadhani ni chini ya 10. Anzia hapo.

Sasa tambuu, niliahidi. Kamusi za zamani za Kiswahili ukizifungua kwenye neno uraibu hukuti dawa za kulevya. Unakuta vitu vya kutafuna: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku. Neno tunalolitumia leo kwa heroini na kamari lilianzia kwenye kijaluba cha bibi. Na wazee walichagua kwa ulimi kitu ambacho sisi tulikuja kukijua kwa darubini. Tumbaku ina nikotini, inagonga ukoo wa kwanza wa milango ya asetilikolini. Popoo ina arekolini, ambayo inagonga ukoo wa pili, ule wa muskarini, na kidogo ule wa kwanza pia. Ndiyo inayoleta jasho, mate mengi na ule uchangamfu. Chokaa inafanya mate yawe na magadi, na nikotini katika hali hiyo hupenya ngozi ya mdomo kwa urahisi. Koo zote mbili za Dale, kwenye jani moja, lililokunjwa kwa vidole vitatu na kutiwa shavuni. Kila ninapomwona mama mtu mzima wa Mji wa Kale akikunja lake nataka kumwambia, nanyamaza. Ninachomwambia ni kingine: popoo, hata bila tumbaku, iliwekwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa yakini. Kidonda cha mdomo kisichopona wiki tatu ni cha kuonyeshwa hospitali.

Huo ukoo wa muskarini si mdogo kwa dopamini. Kuna milango yake inayoongeza na mingine inayopunguza. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya maradhi ya akili ya skizofrenia inayopitia milango ya muskarini, wakati kwa zaidi ya nusu karne dawa zote za maradhi hayo zilikuwa zikiziba milango ya dopamini yenyewe. Yaani kuitengeneza dopamini kwa kumbembeleza jirani yake.

Arosto nayo ina mahali pake. Karibu na katikati ya ubongo kuna kijisehemu kinaitwa habenula, chenye milango ya nikotini kwa wingi mno, na kazi yake ni kusema basi. Mtu akivuta kwa mara ya kwanza akatapika, shukuru habenula. Kwa mvutaji wa zamani, nikotini ikikatika kijisehemu hiki kinachangia ule udhia: hasira, kukosa utulivu, usingizi wa mang'amung'amu. Mwaka 2008 iligunduliwa tofauti ya jeni inayolegeza mlango mmoja wa huko, na wenye nayo huvuta zaidi. Ila tofauti hiyo ni nadra kwa watu wa asili ya Afrika, kwa hivyo usikimbilie kusema ni damu ya kwenu.

Rafiki yako, basi. Dopamini si maji ya mifereji ya Mombasa, kwamba yamekatika na ukifunga wiki moja utajaza mapipa. Inatengenezwa kila dakika. Kukaa mbali na simu hakudhuru, na huenda ukalala vizuri, lakini simu haikubandika vikombe vya kahawa. Kinachohitaji muda kwako ni ile milango ya ziada ya nikotini, ambayo kwa wavutaji walioacha hurudi idadi ya kawaida katika wiki 6 hadi 12. Hiyo ndiyo tarehe ya kuandika ukutani, si wiki moja.

Na hizo wiki usizipite kwa mkono mtupu. Bandiko la ngozini na ubani wa kutafuna wenye nikotini vinalisha milango polepole bila moshi, na vikitumika viwili pamoja, bandiko la kutwa na ubani wa kuzimia hamu, vinashinda kimoja peke yake. Watu huogopa bandiko kuliko sigara, jambo ambalo sijapata kulielewa. Saratani iko kwenye moshi. Vareniklini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, imetengenezwa makusudi kwa hadithi hii yote: inaingia katika mlango wa asetilikolini, inaufungua nusu, na inabaki hapo ili nikotini ikija ikute pamekaliwa. Ilitokana na sitisini, kemikali ya mmea ambayo Bulgaria waliifanya dawa ya kuacha sigara tangu miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani limeiweka vareniklini katika orodha yake ya dawa muhimu tangu 2021. Hofu kwamba inaharibu akili ilipimwa kwa watu kama 8,000 katika uchunguzi uliochapishwa 2016, na haikuonekana kuzidi bandiko wala kidonge kisicho na dawa. Ukiwa na maradhi ya figo mwambie daktari kabla, kipimo hubadilika. Na ukitaka mtu wa kuongea naye usiku wa zamu, simu ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, haina malipo.

Kwa upande wa vikombe, usihame njia milele. Wiki mbili za mwanzo pita upande mwingine, sawa. Baada ya hapo, ukiwa umeshabandika bandiko, kaa kwa yule mzee, agiza kahawa tungu na kipande cha kashata, unywe, uondoke, mfukoni huna pakiti. Kesho tena. Zile seli za asetilikolini zilijifunza kunyamaza kwa mlio ule kwa sababu mlio uliletea kitu. Mlio ukija mara 20 bila kitu, kimya kinafifia. Siku utakayoikosea ukavuta moja, umezifundisha seli hizo upya kidogo, lakini hukurudi mwanzo. Kesho yake rudi kwenye kahawa.

Kuhusu kahawa yenyewe: usiiache, ipunguze nusu. Lami ya moshi wa sigara, si nikotini, hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, kwa siku chache ini linarudi mwendo wake, na vikombe vile vile 6 vya zamani vinakaa damuni kama 12. Mtu anatetemeka, moyo unampiga, hapati usingizi, akasema ni arosto, akaenda kununua sigara. Anywe 3. Na kama kuna mtu nyumbani kwenu anayetumia dawa za pumu za teofilini au dawa za akili za klozapini na yeye anaacha kuvuta, amwambie daktari wake wiki hiyo hiyo, maana ini lake litafanya mchezo ule ule kwa dawa hizo.